Mkopo si Sadaka: Vile Akina Mama wa Kenya Walivyofunguliwa Mlango wa Benki

Kuna swali tunaloulizwa karibu kila tunapotembelea vikundi, kuanzia Molo na Kuresoi mpaka Bahati, Subukia na Rongai: "Tumejiunga, tuna cheti, tuna mwenyekiti na mweka hazina. Sasa tutapata wapi mkopo?" Swali hili ni zuri. Lakini kuna lingine linalofaa kulitangulia: je, kikundi chetu kinaweza kubeba deni bila kuvunjika?

Ili tujibu maswali haya mawili pamoja, tumeona tueleze habari za mama mmoja Mkenya, Dkt. Jennifer Riria, na shirika aliloliongoza kwa miaka mingi, Kenya Women Finance Trust, ambalo wengi wetu tunaliita KWFT. Si kwa ajili ya kulitangazia biashara. Ni kwa sababu historia yake inaonyesha wazi ni kitu gani hufanya mkopo wa mtu mdogo urudi, na ni kitu gani huufanya upotee pamoja na urafiki wa majirani.

WACHACHE KATIKA VITABU VYA BENKI

Katika nchi nyingine, watu wanaonyimwa mikopo ni wale wa makabila au jamii ndogo. Hapa kwetu, kundi kubwa lililokuwa likiachwa nje halikuwa dogo hata kidogo. Lilikuwa nusu ya nchi: akina mama. Ukienda sokoni Nakuru ungewakuta ndio wengi, wakiuza viazi, mboga, nguo na maziwa. Lakini ukifungua vitabu vya benki, ungewapata wachache sana.

Sababu haikuwa kwamba mama hajui biashara. Benki ilitaka vitu viwili: hati ya shamba au karatasi ya mshahara. Hati kwa kawaida ilikuwa na jina la baba, la mume au la ndugu wa kiume. Mshahara, mama mwenye kioski hana. Tena mkopo aliotaka ulikuwa mdogo. Kwa benki, kazi ya kuandika mkopo wa shilingi elfu tano haikupungua sana ile ya kuandika mkopo wa laki tano, na faida yake ilikuwa kidogo. Basi mama akaambiwa arudi siku nyingine, na siku hiyo haikufika.

Mwaka wa 1975 wanawake wa mataifa mbalimbali walikutana Mexico katika mkutano wa Umoja wa Mataifa. Katika mambo waliyozungumza, moja lilikuwa hili la mikopo, na mwaka wa 1979 likazaliwa shirika la kimataifa la Women's World Banking. Hapa Kenya, kikundi cha wanawake wenye taaluma, wakiwemo wanabenki na mawakili, walianzisha KWFT mwaka wa 1981. Miongoni mwao alikuwa Mary Okello, ambaye mwaka wa 1977 alikuwa mwanamke wa kwanza Kenya kufanywa meneja wa tawi la benki, katika benki ya Barclays. Hawa walikuwa wanajua benki kutoka ndani, na walijua mlango umefungwa wapi.

SHIRIKA LILILOKUWA KARIBU KUFA

Nia njema peke yake haikutosha. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 shirika lilikuwa taabani. Mikopo mingi haikuwa inarudi, na wafadhili walikuwa wamepunguza imani. Jennifer Riria, mzaliwa wa Meru, aliyekuwa amefanya kazi ya elimu na utafiti juu ya maisha ya wanawake, alichukua uongozi mwaka wa 1991.

Hapa ndipo penye fundisho kubwa. Pesa za wafadhili zinapokuja kijijini, watu huzipima kwa macho. Wakiona mtoaji hafuatilii, wanasema, "Hizi ni za msaada." Anayelipa anaonekana mjinga, na asiyelipa anaonekana mwerevu. Mwisho wa yote, mfuko unakauka, na yule mama ambaye angekopeshwa mwaka ujao anakosa. Mkopo ukigeuzwa kuwa sadaka, anayenyang'anywa si mfadhili. Ni jirani aliyekuwa kwenye foleni.

Kwa hiyo chini ya Riria shirika lilifuata njia nyingine. Liliwakopesha akina mama kupitia vikundi, likatuma maafisa wa mikopo mashinani badala ya kungoja mama aje mjini, likadai akiba, na likatoza riba ya kulipia gharama ili lisiishi kwa mkono wa mfadhili. Wengine walilaumu: vipi maskini atozwe riba? Lauma hiyo ina uzito wake, na hapa chini tutaonyesha namna ya kuipima riba. Lakini shirika lisiloweza kulipa mafuta ya pikipiki ya afisa wake halitamfikia mama wa Olenguruone mwaka wa pili.

DHAMANA YA WATU BADALA YA HATI

Njia ya vikundi haikuanza kwetu. Huko Bangladesh, mwalimu wa uchumi Muhammad Yunus alianza kuwakopesha watu maskini wa kijiji mwaka wa 1976, na mwaka wa 1983 kazi hiyo ikawa benki ya Grameen. Hapa Kenya, shirika la K-Rep, lililoanza 1984, lilileta njia inayofanana na hiyo Kibera mwaka wa 1990 katika mpango ulioitwa Juhudi. Watu watano watano walijiunga, kisha makundi hayo yakaunganishwa kuwa kikundi kikubwa kilichoitwa kiwa, yaani kikundi cha wanabidii. K-Rep pia ilikopesha vyama vya mzunguko vilivyokuwepo tayari, na mwaka wa 1999 ikawa benki kamili.

Namna inavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Mama hana hati, lakini ana majirani wanaomjua. Wanajua kama anaamka mapema, kama mume wake ni mlevi, kama ng'ombe anayesema ni wake ni wake kweli. Afisa wa benki angehitaji miezi kuyajua haya. Majirani wanayajua bure. Kwa hiyo mkopeshaji anasema: "Nyinyi mchaguane. Mmoja akishindwa, wengine mtamlipia." Dhamana sasa ni ujirani.

Dhamana hiyo ina nguvu, na kwa sababu ina nguvu inaweza kuumiza. Tuchukue mfano. Tuseme kikundi kina watu 20, na kila mmoja amekopa Sh 24,000. Jumla ni Sh 480,000. Kila mmoja anatakiwa kurudisha Sh 28,320 pamoja na riba, kwa miezi 12, yaani Sh 2,360 kwa mwezi. Baada ya miezi sita, watu watatu wanashindwa. Kila mmoja wao amebakisha Sh 14,160, na watatu pamoja Sh 42,480. Gawanya deni hilo kwa wale 17 waliobaki: ni karibu Sh 2,500 kila mmoja, juu ya deni lake mwenyewe. Hiyo ni zaidi ya malipo ya mwezi mzima, kwa pesa ambazo hukuzila.

Hapo ndipo vikundi huvunjika. Tunajua mambo yanayofuata: usiku watu wanaenda kwa mwenzao, wanabeba viti, cherehani, hata mbuzi wa watoto. Ni akina mama kwa akina mama, na Jumapili wote wako kanisa moja. Tena, kuingia nyumbani kwa mtu na kubeba mali yake bila makubaliano ya maandishi wala amri ya korti kunaweza kuwaletea kesi. Nehemia sura ya 5 inatueleza watu waliokuwa wameweka rehani mashamba na hata watoto kwa ndugu zao wenyewe, na Nehemia alikasirika. Kikundi cha Wakristo kisifike hapo.

TUHESABU RIBA PAMOJA

Wenzetu wengi huuliza tu, "Riba ni asilimia ngapi?" Hilo halitoshi. Uliza pia, "Inahesabiwa juu ya nini?"

Chukua ule mkopo wa Sh 24,000 kwa miezi 12, riba asilimia 1.5 kwa mwezi.

Njia ya kwanza: riba inahesabiwa juu ya mkopo wote kila mwezi, hata kama umeshalipa nusu. Asilimia 1.5 ya Sh 24,000 ni Sh 360. Mara miezi 12, ni Sh 4,320.

Njia ya pili: riba inahesabiwa juu ya deni lililobaki. Unarudisha Sh 2,000 za mkopo kila mwezi. Mwezi wa kwanza riba ni Sh 360, mwezi wa pili Sh 330, inashuka hivyo hivyo mpaka mwezi wa mwisho ni Sh 30. Jumla ni Sh 2,340.

Asilimia ni ile ile, lakini njia ya kwanza inakaribia kukutoza mara mbili. Halafu ongeza ada ya fomu, bima, na ile akiba inayofungiwa usiiguse mpaka umalize kulipa. Mwambieni afisa awaandikie katika karatasi moja: tunapokea shilingi ngapi mkononi, na kwa jumla tutarudisha shilingi ngapi. Akikataa kuandika, rudini nyumbani.

SHAMBA LINA KALENDA YAKE

Mikopo ya vikundi ilipendwa sana mjini kwa sababu mama wa sokoni anashika hela kila siku. Anaweza kulipa kila wiki. Lakini Bonde la Ufa letu ni la wakulima, na shamba halilipi kila wiki.

Fikiria mkulima wa viazi wa Mau Narok au Kuresoi. Anakopa kununua mbegu, mbolea na dawa ya baridi. Viazi vitamchukua miezi mitatu au minne. Kama malipo yanaanza mwezi ujao, atalipa na nini? Wengi hulipa na sehemu ya ule mkopo wenyewe. Hapo mbolea inapungua, mavuno yanapungua, na bei ya gunia nayo inaweza kuanguka wakati wote wanapovuna pamoja. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

Mkulima wa maziwa yuko katika hali nzuri kidogo, kwa sababu hela ya maziwa huja kila mwisho wa mwezi. Mkopo wa malipo ya mwezi unaweza kumfaa. Kwa hiyo kabla ya kukopa, kila mwanachama achore kalenda yake: mwezi gani pesa huingia, na mwezi gani karo inatoka. Mwenye viazi peke yake atafute mkopo unaolipwa baada ya mavuno, au awe na kitu cha pembeni kama kuku, maziwa au kioski, cha kulipia katikati. Tena asikope kwa hesabu ya bei nzuri ya mwaka jana. Akope kwa hesabu ya bei mbaya.

UJIRANI UKIVUNJIKA

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa Nakuru lazima tuliseme, ingawa linauma. Dhamana ya vikundi imejengwa juu ya majirani kuendelea kuwa majirani. Mwaka wa 1992 mapigano ya kikabila yaliwatawanya watu wa Molo na Olenguruone. Mapema 1998 yakafika Njoro. Na Januari 2008, baada ya uchaguzi wa 2007, familia nyingi zilijikuta katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru, chini ya hema, bila ng'ombe wala duka.

Katika wakati kama huo, kikundi cha watu 20 kinaweza kuamka kikiwa na watu wanane. Wengine wamekimbia, biashara imechomwa, daftari limepotea. Deni lakini halichomeki. Tunataja haya si kwa kufufua vidonda, bali kwa sababu yanatufundisha mambo mawili. La kwanza, nakala ya daftari la kikundi ikae mahali pa pili, kwa mfano katika ofisi ya parokia. La pili, kikundi chenye watu wa makabila tofauti, wanaojua mapato na madeni ya mwenzao na kuaminiana, ni kazi ya amani. Watu wanaodhaminiana wana sababu moja zaidi ya kulindana.

KUTOKA SHIRIKA MPAKA BENKI

Turudi kwa KWFT. Kwa miaka mingi shirika kama hili halikuruhusiwa kupokea akiba za umma kama benki. Sheria ya mikopo midogo ilipitishwa mwaka wa 2006 na ikaanza kutumika 2008. Mwaka wa 2010 KWFT ilipata leseni ya Benki Kuu ya kupokea amana, na Riria akaendelea kuongoza kampuni mama, Kenya Women Holding. Mikopo nayo ilipanuka. Mbali na biashara, mama aliweza kukopa kwa ajili ya tangi la maji ya mvua au kurekebisha nyumba. Mama ambaye maji yako mlangoni ana masaa mengine ya kufanya kazi ya kumletea pesa.

Leseni ina maana gani kwako? Ina maana kwamba Benki Kuu inakagua vitabu. Pia, akiba iliyo katika benki au benki ya mikopo midogo yenye leseni inalindwa na shirika la serikali la bima ya amana, hadi Sh 500,000 kwa kila mwenye akiba, kiwango kilichowekwa mwaka wa 2020. Pesa ulizompa mtu anayezunguka na mkoba akisema ni wakala wa "kampuni mpya" hazina ulinzi huo.

Sheria nazo zimebadilika. Tangu 2012, nyumba ya familia haiwezi kuwekwa rehani kihalali bila idhini ya mke au mume. Na tangu 2017 kuna sheria inayokubali vitu vinavyohamishika, kama mifugo, mazao na mashine, kuandikishwa kuwa dhamana. Mama asiye na hati lakini ana ng'ombe wawili sasa ana kitu cha kuweka mezani.

Lakini tusidhani kazi imekwisha. Katika miaka ya karibuni benki za mikopo midogo, kwa ujumla wake, zimepata hasara. Sababu moja ni simu. M-Shwari ilianza mwishoni mwa 2012, ikafuatwa na wakopeshaji wengi wa simu, na mwaka wa 2022 serikali ikaleta Hustler Fund. Mkopo wa simu hauulizi kikao wala majirani. Unapata usiku, ukiwa peke yako kitandani. Hiyo ni raha, na pia ni hatari, kwa maana hakuna mtu wa kukuuliza, "Mama, hizi ni za nini?" Mtu mmoja anaweza kuwa na madeni manne ya simu na kikundi chake kisijue, kisha kikamdhamini katika la tano.

KABLA HAMJATIA SAHIHI

Katika Injili ya Luka sura ya 14, Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye hukaa chini kwanza kuhesabu gharama. Kikundi nacho kikae chini. Haya ndiyo tunayoshauri:

1. Wekeni akiba pamoja angalau miezi sita kabla ya kukopa nje. Asiyeweza kuleta Sh 200 kila wiki bila deni hataweza kuleta zaidi akiwa na deni.

2. Anzeni na mikopo midogo ya ndani, kutoka akiba yenu. Hapo mtajua nani hulipa na nani hutoa hadithi, na hasara itakuwa ndogo.

3. Jiandikisheni. Sheria ya vikundi vya jamii ya mwaka wa 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua 10. Nendeni ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu.

4. Kila mwanachama aseme madeni yake yote mbele ya kikundi, pamoja na ya simu. Mwenye aibu ya kusema leo atawaaibisha wote kesho.

5. Andikeni katika katiba: mtu akiugua, akifiwa au mazao yakiharibika, tutafanya nini? Na aliye na pesa lakini hataki kulipa, tutafanya nini? Hawa wawili si sawa, na wasitendewe sawa.

6. Wekeni mfuko wa dharura wa kulipia angalau mwezi mmoja wa watu watatu. Katika mfano wetu ni Sh 7,080. Hapo mwenzenu ataweza kupumua bila mbuzi wake kubebwa.

7. Msikubali mtu kwa sababu idadi inatakiwa kutimia. Wakikosekana watano wazuri, afadhali wawe wanne mngoje.

Jambo kubwa katika kazi ya Riria si kwamba aliwapa akina mama pesa. Ni kwamba shirika lake liliwachukulia kama watu wa kulipa, na likadai walipe. Kumdai mtu maskini kwa haki ni kumheshimu. Kumdai kwa hila au kwa ukatili ni kumwangamiza. Kikundi chenu ndicho kitaamua ni lipi kati ya hayo mawili litakalotokea kwa mwanachama wenu dhaifu.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kama watu watatu kati yetu wakishindwa kulipa, kila mmoja wetu ataongeza shilingi ngapi? Fanyeni hesabu ubaoni.

2. Ni miezi gani katika mwaka ambayo wengi wetu hatuna hela? Mkopo tunaotaka unalipwa katika miezi hiyo?

3. Daftari letu liko wapi? Nyumba ya katibu ikishika moto leo usiku, tutajua nani anadaiwa nini?

4. Ni nani kijijini kwetu ambaye hajawahi kuitwa katika kikundi chochote? Kwa nini?